Kikosi cha mvua katika Pokémon: jibu kwa msomaji wa Pasua, Moshi

Swali: Shikamoo kaka. Ninaishi Pasua, Moshi. Kila Desemba ndugu zetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam huja na konsoli zao, na sisi hushindana katika Pokémon Scarlet, mchezo wa kupiganisha viumbe kwa zamu, mapambano ya wawili kwa wawili. Nimeunda kikosi cha mvua: Pelipper anayeileta mvua akiingia, Barraskewda, Floatzel, Kingdra, Basculegion na Archaludon. Binamu yangu ana Torkoal na Venusaur, na jua lake hufuta mvua yangu hata kabla sijapiga. Shemeji yangu naye ana Gastrodon mmoja tu, lakini huyo mmoja hunifunga kabisa. Na hata nikikutana na mtu asiye na hao wote, mvua hukatika kabla sijamaliza kazi. Kikosi kinachotegemea hali ya hewa hujengwaje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hao sita uliowachagua si wabaya, mmoja mmoja. Kasoro ni kwamba umekusanya viumbe wanaoifurahia mvua bila kujiuliza mvua hiyo itadumu kwa muda gani, nani atairudisha ikifutwa, na nani atapigana ikiwa haipo. Mvua katika mchezo huu ihesabiwe kama muda uliokopeshwa, nao ni zamu tano tu. Kikosi kizuri hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye zamu hizo: kwanza unaamua ni nani atakayemaliza pambano na katika zamu ipi, kisha ndipo unaamua mvua ianze lini.

Huenda ushauri uliousoma ni wa zamani, maana umezagaa sana. Tangu mwaka 2002, vipawa vya kuleta hali ya hewa vilipoanza, hadi matoleo ya X na Y ya mwaka 2013, mvua iliyoletwa na kipawa ilikuwa haikatiki mpaka mtu mwingine alete hali tofauti, na katika mazingira hayo kujaza kikosi kwa viumbe wa maji kulikuwa na mantiki kamili. Mwaka 2013 jambo hilo lilibadilishwa, na sasa mvua ya Pelipper hudumu zamu tano, au nane akiwa ameshika jiwe la Damp Rock. Zamu anayoingia nayo huhesabiwa. Ukimwingiza kwa kubadilishana katika zamu ambayo mapigo mengine yamekwisha kupigwa, umekwisha kuipoteza zamu moja bila kuitumia; akiingia kuziba nafasi ya aliyeanguka, baada ya zamu kufungwa, hupotezi kitu.

Sasa tuangalie mvua yenyewe inafanya nini. Mapigo ya Maji hupata nguvu mara moja na nusu na ya Moto hupunguzwa nusu, huku Thunder na Hurricane, ambazo kwa kawaida hukosa mara tatu katika kila kumi, zikiwa hazikosi kabisa. Kipawa cha Swift Swim, walicho nacho Barraskewda, Floatzel, Kingdra na Basculegion, huzidisha kasi mara mbili, na pigo la Weather Ball hugeuka kuwa la Maji na nguvu yake kupanda kutoka 50 hadi 100. Lakini mvua haina mwenyewe. Ikinyesha, inamnyeshea pia Urshifu wa Maji wa mpinzani wako, na Thunder ya mpinzani haikosi kama ambavyo ya kwako haikosi, jambo ambalo Pelipper, mwenye udhaifu mara nne dhidi ya Umeme, atalijua upesi. Kabla ya kumwingiza, tazama upande wa pili na ujiulize ni nani kati yenu atakayefaidi zaidi zamu hiyo.

Nianze na jambo la kasi, kwa sababu hapo ndipo umemwaga rasilimali nyingi. Katika kiwango cha 50, ambacho ndicho cha mashindano, kiumbe aliyekamilika kwa kuzaliwa lakini hajapewa alama yoyote ya mazoezi ana kasi inayolingana na kasi yake ya msingi ukiongeza 20. Akipewa alama zote 252, ongeza 52. Na tabia inayopendelea kasi huzidisha jumla hiyo kwa 1.1. Barraskewda ana kasi ya msingi ya 136, hivyo akiwa na alama zote anafika 188 na katika mvua 376. Nani anahitaji 376? Flutter Mane, mmoja wa viumbe wenye kasi kubwa utakaokutana nao, akiongezewa kila kitu isipokuwa kifaa, huishia 205. Tofauti iliyobaki haikupi chochote, kwa maana kumtangulia mtu kwa hatua moja na kumtangulia kwa hatua mia moja na sabini ni kumtangulia tu. Floatzel ana tatizo lile lile kwa kiasi kidogo zaidi, na wote wawili ni wepesi wa kuanguka.

Basculegion ana kasi ya msingi ya 78 tu. Mpe alama 36 za mazoezi katika kasi, naye atakuwa na 103, ambayo katika mvua ni 206. Umempita Flutter Mane yule wa 205 kwa hatua moja, na bado una alama 474 kati ya 510 za kuweka kwenye uhai na nguvu ya kupiga. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya Swift Swim: inamruhusu kiumbe mzito awahi kana kwamba ni mwepesi, na uzito wake ubaki. Flutter Mane aliyeshika Booster Energy na kuielekeza kwenye kasi atafika 307, na huyo hutamtangulia hata ukimaliza alama zote, kwa kuwa Basculegion akijazwa kabisa hukomea 286. Usimfukuze. Mwachie mwenzake amshughulikie.

Kwa sababu hiyo ningewatoa Barraskewda, Floatzel na, kwa masikitiko kidogo, Kingdra. Ninampenda Kingdra, lakini waogeleaji wawili wenye kazi moja katika kikosi ambacho wanaopanda uwanjani ni wanne kati ya sita ni anasa usiyoweza kuilipia.

Sasa Archaludon, ambaye kwa maoni yangu ndiye sababu ya kucheza mvua tangu alipoingia na nyongeza ya Desemba 2023. Pigo lake la Electro Shot lina nguvu 130. Pasipo mvua huhitaji zamu mbili, ya kwanza ya kujichaji na ya pili ya kupiga. Mvuani hupiga papo hapo, na bado kila litumikapo humwongezea nguvu ya mapigo maalumu kwa ngazi moja kabla halijatoka. Kasi yake ya msingi ni 85, na hana Swift Swim. Hapo ndipo Pelipper anapofanya kazi ya pili: mbinu ya Tailwind huzidisha kasi ya upande wako mara mbili kwa zamu nne, na Archaludon asiye na alama hata moja katika kasi, mwenye 105, hufika 210. Ukiangalia vizuri utaona kwamba umepata washambuliaji wawili wanaomtangulia Flutter Mane wa kawaida, mmoja kwa mvua na mwingine kwa upepo, na wote wawili wamebaki na miili mizito.

Tuje kwa binamu yako. Viumbe wawili wenye vipawa vya hali ya hewa wanapoingia kwa pamoja, mwenye kasi kubwa hutangulia kuwasha kipawa chake na mwenye kasi ndogo hufuata, hivyo hali inayobaki ni ya yule mzito. Torkoal ana kasi ya msingi ya 20. Kwa Pelipper mwenye 65, hata ukimchagulia tabia ya kupunguza kasi na kumnyima kila kitu, hawezi kushuka chini ya 63, wakati Torkoal wa kawaida kabisa ana 40. Kumtanguliza Pelipper mbele ya Torkoal, kwa hiyo, ni kumpa binamu yako ushindi wa zamu ya kwanza bila jasho. Dhidi ya Ninetales wa jua, ambaye ni mwepesi, hesabu hugeuka na mvua yako ndiyo itakayobaki; na dhidi ya Tyranitar, ambaye asipopewa alama za kasi ana 81, Pelipper mwenye tabia ya kupunguza kasi hushuka hadi 76 na mvua yake hushinda. Ninapendekeza uichukue tabia hiyo, ingawa Tailwind yake itachelewa kidogo.

Kwa Torkoal dawa ni kumweka Pelipper benchi. Tanguliza Incineroar, ambaye ningekuongezea kikosini, na Archaludon. Incineroar ashushe nguvu za wapinzani kwa Intimidate pale anapoingia. Katika zamu ya kwanza mtoe, umwingize Pelipper, na umwamuru Archaludon apige Electro Shot. Mabadiliko ya wachezaji hutekelezwa kabla ya mapigo. Kwa hiyo jua lililokuwepo mlipoanza linafutwa, mvua inaanza, na Electro Shot inatoka papo hapo ingawa wakati unachagua pigo hilo anga lilikuwa la jua. Pigo la Eruption la Torkoal, ambalo binamu yako alilipigia hesabu likizidishwa kwa moja na nusu, sasa linapunguzwa nusu, yaani limebaki theluthi moja ya alichotarajia. Venusaur naye anapoteza kasi yake hapo hapo, kwa kuwa tangu matoleo ya mwaka 2019 mpangilio wa nani atangulie huhesabiwa upya ndani ya zamu ile ile, na kipawa chake cha Chlorophyll hakifanyi kazi bila jua.

Kutoka hapo ili arudishe jua itambidi amtoe Torkoal na kumwingiza tena, na kila anapofanya hivyo anapoteza nafasi ya kupiga. Tahadhari ni moja: ikiwa Torkoal ndiye aliyewekwa benchi, binamu yako anaweza kumwingiza katika zamu ile ile unayomwingiza Pelipper, na ikiwa anayempisha Torkoal ni mzito kuliko anayempisha Pelipper, jua ndilo litakalobaki, kwa kuwa mabadiliko hufuata kasi ya wanaotoka. Ushindani wa hali ya hewa kati ya watu wanaojua huishia hapo, kila mmoja akisubiri mwenzake amtoe mleta hali wake kwanza. Usiwe na haraka. Archaludon na Incineroar wanaweza kukaa uwanjani zamu moja au mbili bila mvua, na hiyo ndiyo maana ya kuwa nao.

Kitakachokusumbua bado ni Sleep Powder ya Venusaur, ambayo hupata mara tatu katika nne, na Earth Power, ambayo Torkoal na Venusaur wote wanaweza kujifunza, huku Archaludon akiwa na udhaifu dhidi ya Ardhi. Kwa hao wawili, Terastal ya Majani kwa Archaludon, yaani kumgeuza aina yake kuwa Majani katikati ya pambano, hujibu mambo mawili kwa pamoja: viumbe wa Majani hawadhuriki na unga wa aina yoyote, na mapigo ya Ardhi huwapata nusu. Udhaifu mpya dhidi ya Moto unafunikwa na mvua. Kuna bei, nayo ni kwamba Chuma hakiguswi na Sumu lakini Majani yanaumizwa nayo, na Venusaur wengi hubeba Sludge Bomb. Mimi ningesubiri kuona binamu anatumia nini kwanza, kisha niamue kuibadilisha aina au kuiweka akiba, huku Hurricane ya Pelipper, isiyokosa mvuani, ikimtafuta Venusaur huyo.

Shemeji na Gastrodon wake ni jambo jingine kabisa, na ninakiri ningefurahi kumwona akicheza, maana amekusoma. Gastrodon ni Maji na Ardhi, mara nyingi mwenye kipawa cha Storm Drain, kinachovuta kwake mapigo ya Maji yanayomlenga mtu mmoja na kuyageuza kuwa nguvu. Na kwa kuwa ni Ardhi, Umeme haumgusi. Kwa maneno mengine, kiumbe mmoja amezifunga njia zako mbili kuu, na katika kikosi ulichoniandikia hakuna anayemtisha sawasawa. Ila Majani humpata mara nne. Rillaboom mmoja anatosha, naye analeta zaidi ya hilo: Fake Out ya kumzuia mtu katika zamu anayoingia, pigo la Grassy Glide linalotangulia kasi za kawaida akiwa amesimama kwenye uwanja wa nyasi alioutandaza mwenyewe, na uwanja huo huo hupunguza nusu nguvu ya Earthquake, ambayo Archaludon anaiogopa. Haihitaji mvua kwa lolote katika hayo.

Wa sita ningemweka Amoonguss, kwa sababu ya Trick Room, ambayo kwa zamu tano huwatanguliza wazito na kuwaacha wepesi nyuma. Hapo Swift Swim inakuwa mzigo, kwa maana kasi uliyoizidisha mara mbili inakuweka wa mwisho. Amoonguss mwenye kasi ya msingi ya 30 hustawi ndani ya Trick Room ya mpinzani, huwalaza wengine kwa Spore na kuvuta mapigo kwa Rage Powder. Usimpeleke kwa binamu yako, kwani Venusaur ni wa Majani na havimgusi vyote viwili.

Kikosi, basi, ni Pelipper, Archaludon, Basculegion, Rillaboom, Incineroar na Amoonguss. Watatu wa mwisho hawaihitaji mvua hata kidogo. Moto wa Incineroar hata unaumia mvuani, na watu huniuliza mbona anawekwa. Jibu ni kwamba hawekwi kwa ajili ya moto, anawekwa kwa Intimidate, Fake Out na Parting Shot, ambayo hudhoofisha mpinzani na kumpisha mwenzake aingie salama. Hakikisha tu kanuni za msimu mnaocheza zinawaruhusu wote.

Kuhusu vifaa, ambavyo kanuni za mashindano haziruhusu kurudia katika kikosi kimoja, swali kubwa ni Pelipper ashike nini. Wengi watakuambia Damp Rock bila kufikiri. Mimi ningempa Focus Sash, inayomwacha na uhai wa pointi moja pale pigo moja lingemwangusha akiwa na uhai kamili, kwa kuwa Pelipper anayesimama zamu moja zaidi ataweka Tailwind, na Pelipper anayeishi anaweza kutoka na kurudi na mvua nyingine ya zamu tano, jambo ambalo lina thamani kuliko zamu tatu za ziada ambazo pambano la watu wanne mara nyingi halizifikii. Ila ukikutana na Tyranitar, mchanga wake huwakwangua wasio wa Mwamba, Ardhi wala Chuma kwa sehemu moja ya kumi na sita ya uhai kila zamu, na Focus Sash huharibika kabla ya kutumika. Archaludon apewe Assault Vest, inayoongeza kinga dhidi ya mapigo maalumu lakini humzuia aliyeivaa kutumia mbinu zisizoshambulia, kwa sababu kinga yake dhidi ya mapigo maalumu ni 65 tu na mapigo yake yote ni ya kushambulia.

Basculegion ndiye wa kumaliza. Last Respects, pigo lake la Mzimu, huanza na nguvu 50 na kuongezeka 50 kwa kila mwenzake aliyeanguka, kwa hiyo akibaki peke yake kati ya wanne ana pigo la nguvu 200. Na Pelipper anapoanguka mvua haikatiki. Inaendelea mpaka zamu zake ziishe. Hapo ndipo hesabu niliyoitaja mwanzoni inapohitajika. Ikiwa mvua ya kwanza uliianzisha zamu ya kwanza na kuitumia kwa Archaludon, jitahidi Pelipper aondoke uwanjani akiwa hai karibu zamu ya tatu, ili mvua ya pili aje nayo wakati mmoja na Basculegion au zamu moja kabla yake. Akianguka baada ya hapo, amekuachia mvua na amekuongezea 50.

Utauliza kama ingekuwa rahisi zaidi kuhamia jua, mchanga au theluji. Jua ni imara, na binamu yako amekwisha kukuonyesha. Theluji tangu mwaka 2022 haijeruhi tena mtu yeyote, huwaongezea viumbe wa Barafu kinga dhidi ya mapigo ya mwili, na faida yake kubwa kwa mashindano ni ngao ya Aurora Veil. Mchanga wa Tyranitar na Excadrill ni mzuri lakini unadai usomaji mkali wa mpinzani. Kwa mtu ambaye amekwisha kumlea Archaludon na Basculegion, kuhama sasa ni kazi bure.

Mazoezi usiyasubirie Desemba. Tovuti ya Pokémon Showdown hufunguka kwenye kivinjari cha simu, haili bando kwa kiasi cha kutisha, na hukuruhusu kuandika kikosi kizima pamoja na alama zake bila kumlea kiumbe hata mmoja. Cheza huko mapambano kadhaa kwa sharti la kumwacha Pelipper nje ya wale wanne. Ukiona watano waliobaki hawawezi kushinda hata mara moja moja, badilisha mmoja wao kabla hujagusa alama za mtu yeyote. Kisha cheza mengine ukiwa na karatasi, uandike kila mara mvua ilianza zamu ya ngapi na ni zamu ngapi kati ya zile tano ulipiga kweli. Zikiwa mbili, unamwingiza mapema mno.